Kilo Tano Tu: Namna ya Kupungua Bila Kuishia Njiani

Mwenye kilo thelathini za ziada ana wengi wa kumsukuma. Daktari kamkemea, magoti yanamuuma, ngazi za ofisini zinamtoa jasho. Mwenye kilo tano hana hata mmoja. Nguo bado zinaingia, na zikibana lawama anabebeshwa fundi. Akianza kujitahidi, wenzake wanamuuliza, "Wewe nawe una nini cha kupunguza?" Na akitoa kilo mbili, ambazo ni kazi ya mwezi na ushee, hakuna anayeona. Ndiyo maana watu huanza Januari, wakaishia Februari, wakaanza upya baada ya Idi au Pasaka.

Mwongozo huu ni wa huyo wa kilo nne, tano, sita. Nimeuandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani, mji wa chapati za asubuhi, foleni, na shughuli kila Jumamosi. Wa Mombasa au Mwanza atabadilisha majina ya vyakula, hesabu zitabaki zilezile.

Niseme mapema ninapoegemea: hamasa itakata. Usipoteze nguvu kuizuia isikate. Siku za mwanzo, ukiwa bado unayo, itumie kupanga nyumba, jiko na ratiba, ili siku ikikata kazi iendelee yenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha unacho cha kupunguza

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 69: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 69 gawanya kwa 2.56 ni karibu 27. Kati ya 18.5 na 25 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 30 ni uzito uliozidi, 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Huyu wetu akifika kilo 64 atakuwa na 25. Tutakwenda naye hadi mwisho.

Kisha pima kiuno kwa futi kamba ya fundi cherehani. Tafuta ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pita katikati yake, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Kipimo rahisi kukumbuka: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Wa sentimita 160 abaki chini ya 80. Wapo wenye uzito wa kawaida kabisa ambao tumbo limewazidi, na mafuta ya tumboni ndiyo yenye matatizo zaidi kwa sukari na presha.

Ukikuta uko chini ya 18.5, au uko 20 na unataka tu kufanana na mtu wa kwenye simu, mwongozo huu haukuhusu. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze bila kuzungumza kliniki. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenclamide amwone daktari kwanza, kwa sababu ukipunguza chakula huku dozi imebaki ileile sukari inaweza kushuka ghafla. Wa dawa za presha naye apimwe mara kwa mara, dozi inaweza kuhitaji kurekebishwa. Na kama unapungua bila kujitahidi, una kikohozi kilichopita wiki mbili, unatoka jasho usiku, au una kiu na kukojoa kusikoisha, hiyo si ya kushangilia. Nenda hospitali.

Je, kilo tano zinaleta tofauti yoyote? Marekani kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliofuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa njiani kupata kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi mengine dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa waliokunywa metformin, dawa ya kisukari, walipungua kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 69 ni kilo 4.8. Hizo ndizo kilo tano zako.

Hatua ya 2: Fanya hesabu kabla ya kununua viatu vya mazoezi

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kalori 7,700 hivi. Kilo tano ni 38,500. Ukijipa wiki 16, yaani siku 112, unahitaji kupunguza karibu kalori 350 kwa siku. Ni makadirio, kwa sababu mwili ukipungua nao hupunguza matumizi, lakini yanatosha kukuonyesha jambo ambalo wengi hawaambiwi.

Jambo lenyewe ni kwamba 350 ni kidogo sana. Ni kidogo kiasi kwamba huhitaji kujitesa, na ni kidogo kiasi kwamba Jumamosi na Jumapili moja zinakifuta. Tazama: Jumatatu hadi Ijumaa umejibana, umepata 1,750. Jumamosi jioni, juu ya milo yako ya kawaida, umekunywa bia nne za nusu lita, kama kalori 800, na sahani ya chipsi mayai, ambayo hupita 800 bila shida. Jumapili kwa shangazi umekunywa soda mbili za chupa, 300 nyingine. Jumla 1,900. Wiki nzima umefanya kazi bure, na Jumatatu unasema mwili wako una asili ya unene.

Kwa hiyo mwenye kilo tano halindi siku za kazi. Siku za kazi zina ratiba, zinajilinda. Linda kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku.

Wiki 16 zinaonekana nyingi. Anayekuahidi kilo tano kwa siku saba anakuuzia maji na choo. "Chai za kupunguza tumbo" nyingi zina majani ya sena, ambayo kazi yake ni kuharisha. Mizani itashuka, kesho kutwa itarudi. Maji ya limao ya asubuhi hayayeyushi mafuta yoyote, ingawa yakichukua nafasi ya chai ya sukari yamefanya kazi nzuri. Mkanda wa tumbo unakutoa jasho. Tuendelee.

Hatua ya 3: Tafuta sababu inayoonekana mapema

"Nataka kupendeza" ni sababu halali, ila kwa kilo tano inachelewa kulipa. Kioo hakitakuonyesha kitu hadi wiki ya nane au zaidi, kwa sababu unajitazama kila siku. Tafuta kitu kingine kitakachobadilika ndani ya mwezi mmoja: presha yako kwa namba, tundu la mkanda wa suruali, gauni la kitenge ambalo zipu inagoma katikati, ngazi za ghorofa ya tatu bila kusimama kupumua. Chagua kimoja. Kama ni gauni, lijaribu leo, lipigie picha zipu ilipoishia, lirudishe kabatini. Jaribu tena mwisho wa mwezi, usiguse kabla.

Hatua ya 4: Ziba matundu mawili

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kosa kubwa ni kubadilisha kila kitu siku moja: hakuna ugali, hakuna wali, kuku wa kuchemsha na matango. Nani ataishi hivyo wiki 16, tena nyumba yenye watoto na sufuria moja? Chagua matundu mawili ambayo kalori zinapita bila wewe hata kuzifaidi. Kwa nyumba nyingi za kwetu, matundu hayo ni mafuta ya kupikia na sukari ya vinywaji.

Anza na mafuta. Chukua chupa ya lita moja, bandika kipande cha karatasi, andika tarehe unayoifungua. Kama nyumbani mnanunua mafuta ya kupima, yamimine kwenye chupa hiyo ili ujue. Usibadilishe chochote. Subiri iishe, andika tarehe.

Lita moja ya mafuta, ya alizeti au ya aina nyingine yoyote, ina kalori zaidi ya 8,000. Tuseme nyumba ni ya watu wanne na lita imeisha kwa siku nne. Kila mmoja amekula kalori kama 500 kwa siku za mafuta peke yake. Sasa weka kijiko kikubwa karibu na jiko, na sheria iwe moja tu: mafuta hayamiminwi kutoka kwenye chupa, yanapimwa kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi. Fungu la mchicha, vijiko viwili. Maharage ya kuunga, viwili, na kitunguu kiachwe kiive taratibu kwa moto mdogo na maji kidogo badala ya kuogelea. Dagaa wakaangwe wakavu kwanza kwenye kikaango kitupu, mafuta yaingie mwishoni na nyanya. Chapati hazikatazwi. Zihamishwe kutoka kila asubuhi hadi Jumapili. Ukipika kwa nazi, tumia tui la pili tu kwenye mboga za katikati ya wiki, la kwanza libaki kwa wali wa siku maalumu, na siku ya nazi usiongeze mafuta mengine.

Lita ile ikifika siku saba badala ya nne, kila mtu sasa anakula kalori kama 300 za mafuta kwa siku. Umeokoa 200 na kitu. Hujala chakula tofauti na wenzako, hujapika sufuria mbili, na bajeti ya mafuta imepungua karibu nusu, hoja ambayo itakusaidia kuishawishi familia kuliko maelezo yoyote ya afya.

Anayeshika mwiko ndiye mwenye mamlaka hapa. Kama ni mkeo, mumeo, mama au dada wa kazi, zungumza naye kabla hujahamisha chupa. Na usiende na lugha ya kukosoa mapishi yake; nenda na kijiko na hesabu ya lita.

Tundu la pili, sukari. Kijiko kidogo kina gramu 4, kalori 16. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, akishuka hadi kijiko kimoja anaokoa vijiko sita, karibu kalori 100. Usishuke siku moja, ulimi utaasi. Punguza nusu kijiko kila baada ya siku nne au tano, ongeza tangawizi, iliki au mdalasini. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa hivi. Juisi ya kopo, na hata ya embe ya nyumbani iliyotiwa sukari, haziko mbali sana na soda, ila hubeba jina zuri.

Jumlisha: mafuta 200 na ushee, sukari 100. Umefika zaidi ya 300 na bado hujagusa ugali. Zilizobaki zinapatikana sahanini: mboga za majani zijaze nusu ya sahani, samaki, dagaa, maharage au nyama robo, na robo ndiyo ya ugali, wali, ndizi au mihogo. Maharage na dagaa vinakaa tumboni muda mrefu, havikuachi ukitafuta karanga saa kumi jioni. Ukipakua hivyo mlo wa usiku peke yake, inatosha.

Hatua ya 5: Andika sentensi za "ikitokea hivi, nafanya hivi"

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii: badala ya kusema "nitajitahidi", unataja mahali, wakati na kitendo. Tofauti ni kwamba ule uamuzi mgumu umeshaufanya ukiwa na akili tulivu, siyo ukiwa na njaa mbele ya sahani. Andika zako nne au tano, kwa maneno yako, kwa mazingira yako. Mifano:

Nikishuka daladala jioni, sipandi bodaboda, natembea hadi nyumbani.

Nikifika kwenye shughuli yenye chakula cha kujipakulia, naanza na kachumbari na nyama, wali unakuja mwisho.

Nikikaa baa na wenzangu, naagiza maji makubwa kwanza, nakunywa bia mbili, naaga nikiwa bado nafurahia.

Ikiletwa keki ofisini, nachukua kipande kimoja na kurudi nacho mezani kwangu, sikai karibu na boksi.

Nikiharibu mlo mmoja, mlo unaofuata ni wa kawaida. Sifungi kujiadhibu.

Hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote. Watu hawaachi kwa sababu walikula pilau ya harusi. Wanaacha kwa sababu baada ya pilau walisema "basi nimeshaharibu", wakala hadi Jumatano.

Je, hadi lini utakuwa unajilazimisha? Utafiti wa chuo kimoja cha London, University College London, ulikuta kwamba kitendo kipya cha kila siku kilichukua wastani wa siku 66 hadi kufanyika chenyewe, lakini kati ya siku 18 kwa mmoja na makadirio ya 254 kwa mwingine. Kuruka siku moja hakukuharibu mwendo. Kwa hiyo ukiona siku ya arobaini bado unajikumbusha kijiko, hujashindwa, uko katikati.

Hatua ya 6: Tembea, ila usiitegemee miguu kulipa deni la tumbo

Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo uwe wa kukufanya uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Kwa joto la Dar, saa zinazofaa ni mbili: alfajiri, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Usitafute muda mpya, tundika matembezi kwenye jambo lililopo: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kumfikisha mtoto shule, baada ya kushuka kituoni. Mvua ikinyesha, ngazi za ndani au mizunguko ya ukumbini vinahesabika. Mara mbili kwa wiki ongeza kuchuchumaa na kusimama, na kusukuma ukuta, ili misuli isiondoke pamoja na mafuta.

Nusu saa ya mwendo wa haraka humchomea mtu wa kilo 69 kalori 130 hivi. Ni chini ya soda moja. Nayasema haya kwa sababu ya vikundi vya jogging vya mwisho wa wiki, ambavyo navipenda sana: fulana moja, nyimbo, barabara nzima inaamka. Ukikosa mtu wa kukusukuma, jiunge na kimoja, wale wakishakuona mara tatu, ya nne usipotokea watakufuata nyumbani kuuliza uko wapi. Tatizo liko baada ya mbio, pale supu ya makongoro inapokutana na chapati tatu na soda baridi. Kunywa supu. Chapati moja. Maji.

Faida ya kutembea ambayo haimo kwenye kalori ni usingizi na hali ya moyo. Anayepata usingizi wa saa tano tu kwa sababu ya mechi za usiku ataamka na njaa ya vitamu, na hapo hakuna kijiko kitakachomsaidia.

Hatua ya 7: Jifunze kusoma mizani

Mizani imewakatisha tamaa watu wengi kuliko chapati. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache bila gramu ya mafuta kuingia wala kutoka. Ukila wanga mwingi mwili huuhifadhi pamoja na maji. Ukila chumvi nyingi, maji. Wanawake wengi huongezeka siku za kuelekea hedhi, maji tena. Choo kisipopatikana, nacho kina uzito. Na wiki ya kwanza ya kupunguza wanga unaweza kushuka kilo mbili, ukafurahi sana, kumbe nyingi ni maji, halafu wiki ya tatu mizani inasimama ukadhani umekwama.

Pima asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, nguo zilezile, mizani ileile, sakafu ileile. Tazama siku saba za mtu wetu kwenye wiki ya tatu na ya nne:

Wiki ya tatu, Jumatatu hadi Jumapili: 68.4, 68.9, 68.1, 68.0, 67.8, 68.2, 68.9.

Wiki ya nne: 68.6, 68.3, 67.9, 67.7, 67.6, 67.8, 68.5.

Angepima Jumatatu peke yake, angesema ameongezeka kutoka 68.4 hadi 68.6, na pengine angeacha siku hiyohiyo. Wastani wa wiki ya tatu ni 68.3, wa wiki ya nne ni 68.1. Anapungua. Taratibu, kama ilivyopangwa. Angalia pia Jumapili zake: Jumamosi inaonekana waziwazi kwenye mizani.

Kama kupima kila siku kunakuvuruga akili, au huna mizani na unatumia ya duka la dawa au ya wale vijana wanaokaa nayo kando ya barabara, pima mara moja kila baada ya wiki mbili, siku moja ya wiki, na uipe nguvu zaidi futi kamba. Kiuno kinaweza kupungua sentimita mbili huku mizani imenuna.

Pamoja na uzito, hesabu vitendo. Tundika kalenda jikoni. Kila siku una alama mbili za kupata: moja ya mafuta na sukari, moja ya kutembea. Wiki ina alama 14. Lengo lako ni 10. Usilenge 14, anayelenga 14 akipata 11 anajiona ameanguka, kumbe 11 kila wiki, kwa wiki zote 16, zinatosha kabisa kumfikisha. Uzito huuamui wewe moja kwa moja, alama unaziamua. Siku ambayo hamasa haipo kabisa, tafuta alama moja tu.

Hatua ya 8: Jiandae kwa maneno ya watu

Kwetu kunenepa ni kunawiri. Mtu akitaka kukusifia anasema ndoa imekupenda, kazi imekupenda. Ukipungua, maswali yanabadilika: unaumwa? Mmegombana? Walioishi miaka ya 1980 na 1990 wanajua kukonda kulikuwa na tafsiri moja tu mtaani, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Ukitoka ghafla na "nipo kwenye dayati", kwa mama yako hiyo ni habari ya msiba.

Kitu kinachokubalika haraka ni afya, na mazungumzo mafupi. Mfano wa kijana aliyekwenda nyumbani:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekwisha hivyo? Huko mjini mnakula kweli?"

"Tunakula mama. Presha ilianza kupanda, nikashauriwa kupunguza mafuta na sukari."

"Haya, ila usizidishe. Kula hata hiki kipaja."

"Hicho nakula mama. Wali ndio uniwekee kidogo."

Kipaja kimeliwa, mama ameridhika, na kipaja cha kuku hakina ubaya wowote. Kama huna presha usiizushe. Sema mmeamua nyumbani kupunguza mafuta kwa sababu ya kisukari cha ukoo, kama kipo, au sema tu unajikinga mapema. Kwa mwenyeji anayelazimisha kuongeza, pokea kijiko kimoja, sifia, endelea kuongea. Sahani ikibaki na kitu kidogo haiongezwi. Sahani tupu ndiyo inayoalika mwiko.

Chagua mtu mmoja wa kumwambia ukweli wote, namba na kila kitu. Awe asiyecheka na asiyetoa nasaha. Kazi yake ni kukuuliza kila Jumapili usiku: alama ngapi? Kundi kubwa la simu lenye picha za kabla na baada halifai kwa kilo tano. Utajilinganisha na aliyetoa ishirini.

Hatua ya 9: Misimu ya kutopungua

Wiki 16 lazima zitakutana na kitu. Ramadhani, kwa mfano. Wengi hutarajia kupungua, mwezi ukaisha wameongezeka, kwa sababu ya futari: viazi vya nazi, magimbi, kaimati, sambusa, uji wenye sukari, na juisi, vyote ndani ya nusu saa. Fungua kwa tende na maji, swali Magharibi, kisha rudi mezani na sahani moja. Vya kukaanga viwe aina moja kwa siku. Matembezi yahamie baada ya tarawehe.

Au ni Desemba, unakwenda Moshi, kuna mtori, kitimoto na mbege, na ndugu ambao hujawaona mwaka mzima. Usipange kupungua wiki hizo mbili. Panga kubaki palepale, tembea na wapwa zako milimani, na ukirudi na kilo moja jua sehemu yake huenda ni maji. Lengo la kubaki palepale linatimizika, na lengo lililotimizika linakurudisha kwenye kalenda Januari.

Hatua ya 10: Wiki mizani ikigoma

Usiite mgomo hadi wastani wa wiki tatu mfululizo haujashuka na kiuno hakijabadilika. Ukithibitika, usikate chakula. Rudia chupa ya mafuta na tarehe: mara nyingi kijiko kimerudi kuwa cha kufurika, au kuna siku mbili kinasahauliwa. Kisha tazama Ijumaa hadi Jumapili. Kisha vinavyoliwa ukiwa umesimama, yaani mabaki ya sahani ya mtoto, bagia za kuonja, karanga za ofisini. Kama vyote viko sawa, ongeza dakika kumi kwenye kila matembezi na usubiri wiki mbili. Kama umebakiza kilo moja na umechoka, pumzika wiki mbili ukishikilia uzito ulipo, halafu endelea.

Ukishafika

Siku ya kilo 64 usivue kalenda ukutani. Kijiko cha mafuta kibaki jikoni daima, chai ibaki na kijiko kimoja, miguu iendelee. Unachoweza kurudisha ni vitu vya kalori 200 hivi kwa siku, chapati ndogo ya asubuhi au sehemu kubwa kidogo ya wali, kisha utazame wastani wa mwezi. Andika namba moja nyuma ya mlango wa kabati: 66. Wastani wa wiki ukigusa hapo, unaanza tena kuweka alama 10 kwa wiki Jumatatu inayofuata, kabla kilo mbili hazijawa tano.